POPO MDOGO ALALAYE NDANI YA JANI LA MGOMBA

Katika nchi ya Kisii na Nyamira mgomba ni jirani wa kila nyumba. Husimama nyuma ya jiko, kando ya zizi, ukingoni mwa shamba la chai na bondeni karibu na mto. Mwenye nyumba akiamka asubuhi, mgomba ndio aupitao kwanza aendapo kukamua ng'ombe au kushika njia ya kazini. Aijua migomba yake mmoja mmoja: huu u karibu kuzaa, ule mkungu wake umekomaa na utafaa kupelekwa sokoni Nyakoe au Daraja Mbili, na ule wa tatu wahitaji nguzo usije ukaangushwa na upepo. Lakini huenda hajui kwamba katika jani lile changa ambalo bado halijakunjuka, lililosimama wima juu ya mgomba kama karatasi iliyoviringishwa, amelala mnyama ambaye uzito wake wapata kijiko kidogo kimoja cha sukari.

Mnyama huyo ni popo wa migomba. Kumwona ni jambo la nadra sana. Sababu yake si kwamba jamii yake imekwisha, kwa maana hupatikana katika sehemu nyingi za Afrika zenye mvua ya kutosha, toka Afrika ya Kusini mpaka Afrika ya Magharibi. Sababu ni kwamba mchana hujificha mahali ambapo hakuna mtu afikiriaye kutazama, na usiku huruka gizani kwa sauti isiyosikika kwa masikio ya binadamu. Mtu aweza kulima shamba moja kwa miaka 40, akawa amekaa na popo huyu siku zote hizo, wala wasionane hata mara moja.

UMBO LAKE

Toka puani mpaka mwanzo wa mkia, mwili wa popo wa migomba wapata sentimita 4 tu. Uzito wake ni gramu 3 au 4. Akiwekwa upande mmoja wa mizani, na upande wa pili ikawekwa sarafu ya Kenya ya shilingi moja, sarafu ndiyo itakayoshuka. Manyoya yake ni ya rangi ya udongo, na mabawa yake ni meusi-meusi. Akiyakunjua, toka ncha moja mpaka nyingine yapata sentimita 19. Lakini akiyakunja, aweza kuenea ndani ya kiberiti.

Wazee katika makabila mengi husimulia hadithi ya popo aliyeambiwa na ndege kwamba yeye ni mnyama, na wanyama nao wakamwambia kwamba yeye ni ndege. Elimu ya viumbe imekwisha kukata shauri hilo. Popo ni mnyama kamili. Ana manyoya wala si nyoya za ndege, ana meno wala hana mdomo mgumu wa kudonolea, huzaa mtoto aliye hai, na mtoto huyo hunyonya maziwa ya mamaye. Bawa lake ni mkono. Mwenye kulitazama kwa makini ataona mifupa ya vidole vinne, mirefu na myembamba kama njiti, na ngozi nyororo iliyotandwa baina ya vidole hivyo mpaka miguuni. Kidole gumba pekee kimeachwa huru, nacho kina ukucha wa kushikia.

Popo wa migomba ana jambo moja zaidi, nalo lamfaa kwa nyumba aliyoichagua. Chini ya kidole gumba na katika nyayo zake ana vipande vya ngozi iliyonenepa. Kwa vipande hivyo hushika na kupanda ndani ya jani la mgomba, ambalo kama ajuavyo kila mtu ni laini na lenye utelezi. Viumbe wa namna hii wako kwingine duniani pia. Katika kisiwa cha Madagaska yuko popo mwenye vibandiko katika mikono na miguu, ambaye hulala katika majani mapana ya mti ufananao na mgomba. Na katika nchi za joto za Marekani ya Kati na ya Kusini yuko mwingine alalaye katika majani yaliyoviringika. Popo hao watatu si ndugu wa karibu. Kila mmoja alipata vifaa vyake mwenyewe, kwa kuwa wote walichagua nyumba ya aina moja.

NYUMBA YA SIKU MOJA AU MBILI

Yampasa msomaji kukumbuka jinsi jani la mgomba lizaliwavyo. Hutoka katikati ya shina likiwa limejiviringa kwa nguvu, hata kijiti hakiwezi kuingia. Hupanda juu, kisha ncha yake huanza kulegea, likafanya mdomo kama wa tarumbeta. Baada ya hapo huendelea kulegea mpaka likafunguka lote, likawa jani pana kama majani mengine.

Popo aweza kulitumia jani hilo kwa muda mfupi sana. Likiwa limebana, hawezi kuingia. Likiwa limefunguka mno, jua humpiga, mvua humlowesha, na mwewe humwona. Katikati ya hali hizo mbili jani humfaa kwa siku moja au mbili, pengine tatu. Baada ya hapo hana budi kutafuta jani jingine. Hivyo popo huyu hahami kwa kupenda. Nyumba yake yenyewe humfungulia mlango na kumtoa nje.

Kwa hiyo mgomba mmoja haumtoshi. Wakati wa joto na mvua, mgomba wenye afya huweza kutoa jani jipya kwa muda wa juma moja au zaidi kidogo, na wakati wa baridi hukawia. Tuseme, kwa mfano, kwamba jani hutoka kila baada ya siku 10, na lamfaa popo kwa siku 2. Basi hata kama migomba itapokezana zamu bila kukosea, popo atahitaji isiyopungua mitano ili asikose malazi. Na kwa kuwa migomba haipokezani zamu hivyo, ahitaji mingi zaidi. Tena iwe ya umri mbalimbali na karibu karibu, maana kiumbe mdogo kama huyu hawezi kupoteza nguvu zake kwa kuzungukazunguka alfajiri akitafuta mahali pa kulala.

Ndani ya jani hilo mna faida nyingi. Mna kivuli na unyevu, upepo haupenyi, na mwenye kutazama kwa nje haoni kitu. Asubuhi za baridi, kama zile ziwapatazo watu wa milimani Kiabonyoru na Manga, popo mdogo huacha mwili wake upoe ili asitumie chakula chake chote kwa kujipatia joto. Wakati huo huwa mzito kama aliyekufa. Mtu akimkuta katika hali hiyo asidhani kwamba amekufa, wala asimtupe. Joto likipanda atatikisika, ataamka, na kuruka.

Yafaa pia kujua kwamba popo huyu alikuwapo Afrika kabla ya ndizi. Asili ya ndizi ni Asia na visiwa vya karibu yake, na zililetwa Afrika na watu zamani sana. Kabla ya hapo popo huyu alilala katika mimea ya mwituni yenye majani mapana yajiviringayo yakiwa machanga, kama ule mgomba-mwitu usiozaa ndizi za kuliwa. Mkulima alipofyeka pori alimwondolea nyumba yake ya zamani. Na alipopanda migomba, bila kujua alimjengea mtaa mpya.

JAMAA NA WATOTO

Mara nyingi katika jani moja huwamo popo mmoja, au wawili, au kikundi kidogo. Lakini jani la mgomba si mahali pake pekee. Aliye karibu na nyumba za nyasi huingia katika paa, na huko waweza kukusanyika wengi zaidi. Mtaalamu wa Kimarekani aitwaye Thomas O'Shea aliwachunguza popo wa jamii hii hapa Kenya, akaandika habari zao mwaka 1980. Wataalamu wengine wawili, mume na mkewe, David na Meredith Happold, waliwachunguza katika migomba ya Malawi na kutoa habari zao mwaka 1996.

Kwa uchunguzi wa namna hiyo ilijulikana kwamba popo hawa hawakai katika jamaa moja isiyobadilika. Dume hupenda kushika mahali pake na kupaita pake. Majike huja na kuondoka, leo huku na kesho kule. Wale waliolala pamoja Jumatatu huenda wasilale pamoja Alhamisi. Hayo si ya kushangaza kwa watu ambao nyumba yao hubomoka kila baada ya siku mbili.

Jike huzaa mara moja kwa mwaka, kwa kawaida karibu na majira ya mvua, wakati wadudu waanzapo kuwa wengi. Huzaa mtoto mmoja au wawili, na mapacha ni jambo la kawaida. Mtoto huzaliwa bila manyoya, naye hushikilia kifua cha mamaye. Jani likifunguka kabla watoto hawajaweza kuruka, mama hulazimika kuhama nao. Mwenye shamba akifikiri juu ya mzigo huo, yaani mnyama wa gramu 4 arukaye gizani na watoto wawili kifuani, ataona kwamba jani jipya lililo karibu ni jambo kubwa kwake.

Uzazi huu ni wa polepole kuliko wengi wadhanivyo. Panya, ambaye mwili wake ni mkubwa kuliko wa popo huyu mara nyingi, huzaa watoto wengi mara nyingi kwa mwaka. Panya wakiuawa leo, baada ya miezi michache pengo hujaa. Popo wakiuawa, pengo hilo hukaa miaka.

MAWINDO YA USIKU

Jua likiisha kutua, popo wa migomba hutoka katika jani lake. Hala ndizi, wala hanywi maji ya maua yake. Chakula chake ni wadudu wadogo warukao: nondo, mbawakawa wadogo, na jamii ya mainzi na mbu. Huruka polepole kwa mapigo mepesi ya mabawa, akipinda na kugeuka baina ya miti na migomba, mahali ambapo popo wakubwa wenye mwendo wa kasi hawawezi kupita.

Watu husema kwamba popo ni kipofu. Si kweli, popo wana macho, nao huona. Lakini macho hayatoshi kumkamata mdudu aliye mdogo kuliko punje ya wimbi katika usiku usio na mwezi. Katika miaka ya 1790 padre mmoja wa Italia, mtaalamu aitwaye Lazzaro Spallanzani, alitambua kwamba popo asiyeona aliweza kuruka bila kugonga kitu, na kwamba popo aliyezibwa masikio hakuweza. Watu wengi hawakumsadiki. Ilipofika mwaka 1938 na miaka iliyofuata, Donald Griffin na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitumia chombo cha kunasa sauti zisizosikika, wakapata jawabu: popo hutoa sauti kali, na sauti hiyo ikigonga kitu humrudia kama mwangwi urudivyo toka mlimani. Kwa mwangwi huo hujua kitu kiko wapi, kiko mbali kiasi gani, na chaelekea upande gani.

Sikio la mtu husikia mitetemo isiyozidi 20,000 kwa nukta moja. Sauti ya popo wa migomba yapata mitetemo 70,000. Ndiyo maana usiku wa migombani huonekana kwa mwanadamu kuwa wa kimya, na kwa kweli hewa yote imejaa kelele za wawindaji.

Popo wadogo walao wadudu hula sana kwa kadiri ya miili yao. Wako waliopimwa wakaonekana kwamba kwa usiku mmoja walikula chakula chenye uzito wa nusu ya miili yao. Mkulima wa mahindi ajua vyema kwamba funza alaye moyo wa muhindi alizaliwa na nondo arukaye usiku. Nondo mmoja akikamatwa kabla ya kutaga, mayai yake yote yamekamatwa pamoja naye. Lakini mtu asije akazidisha sifa hata akaacha akili. Popo hazuii malaria peke yake, wala hawezi kushika mahali pa chandarua. Na shamba lililoingiliwa na viwavi lahitaji shauri la Bwana Shamba. Popo ni mlinzi mmoja katika walinzi wengi, na kazi yake haina mshahara.

ASHITAKIWAVYO BURE

Mashitaka ya kwanza ni ya wizi wa ndizi. Mkungu ulioachwa kuiva mtini hukutwa umeliwa usiku, na mwenye shamba humtafuta popo wa kumwua. Wako kweli popo walao matunda, nao ni wakubwa mara nyingi kuliko huyu, wenye macho makubwa na nyuso kama za mbwa wadogo. Popo wa migomba hakushiriki wizi huo. Meno yake na tumbo lake ni vya kula wadudu. Kumwua kwa ajili ya ndizi ni kumfunga askari wa zamu kwa kosa la mwizi aliyekwisha kukimbia.

Mashitaka ya pili ni ya ugonjwa. Ugonjwa wa korona ulipoenea duniani mwaka 2020, watu wa nchi nyingi walisikia kwamba asili yake huenda ikawa kwa popo wa Asia, wakaanza kuwachukia popo wote. Hapo nyuma, mwaka 1980 na 1987, ugonjwa wa Marburg uliwapata watu waliokuwa wameingia katika pango la Kitum, Mlima Elgon. Na ugonjwa huo wajulikana kukaa katika popo wa mapangoni walao matunda. Habari hizo ni za kweli, lakini hazimhusu kila popo, kama vile sumu ya nyoka mmoja isivyowahusu nyoka wote.

Hata hivyo, busara ni busara. Popo yeyote asishikwe kwa mkono mtupu, wala watoto wasiachwe kumchezea aliyeanguka chini. Mnyama huyu akishikwa huogopa, na akiogopa huuma. Na baadhi ya popo waweza kuwa na kichaa au magonjwa ya jamii yake. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asiyemgusa popo, akamwacha alale katika jani lake, hana la kuogopa.

JINA LAKE NA NDUGU ZAKE

Mtu wa kwanza kuandika habari za popo huyu katika vitabu vya elimu alikuwa Mjerumani aitwaye Wilhelm Peters, aliyesafiri Msumbiji katika miaka ya 1840. Mwaka 1852 alitangaza habari za popo mdogo aliyepatikana Inhambane, akampa jina la nanus, maana yake kibete. Jina hilo la pili halijabadilika mpaka leo, lakini jina la ukoo limebadilika mara kadhaa, kwa sababu popo wadogo wa rangi ya udongo hufanana mno hata wenye elimu hukosana juu yao.

Mwaka 2020 wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiwamo Wakenya Paul Webala na Simon Musila, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya popo wadogo wa Afrika ya Mashariki. Hawakutazama manyoya na meno tu, bali walichunguza pia asili ya urithi wa miili yao. Waliona kwamba popo wa migomba hakuwa na ukoo mmoja na wale aliohesabiwa pamoja nao, wakampa ukoo wake mwenyewe uitwao Afronycteris. Katika kazi hiyo hiyo walitangaza aina mbili za popo ambazo hazikuwa zimejulikana bado kwa elimu, na mojawapo wakaipa jina la nyanza. Jimbo la zamani la Nyanza ndilo lililokuwa na Kisii na Nyamira ndani yake. Basi mtu asidhani kwamba viumbe wote wa nchi hii wamekwisha kuandikwa. Kenya ina zaidi ya aina 100 za popo, na wengi kati yao maisha yao yajulikana kidogo tu.

MASHAMBA YAZIDIPO KUWA MADOGO

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira watu 605,576. Ni nchi yenye rutuba na mvua njema, na kila baba hugawia wanawe. Shamba lililomlisha babu mmoja sasa lina nyumba tano. Mapaa ya nyasi yametoweka karibu kote, mabati yameshika mahali pake, na chini ya mabati mchana joto ni kali. Mabondeni, palipokuwa na miti ya asili, mikalitusi imepandwa kwa ajili ya nguzo na kuni. Hayo yote yana sababu zake, wala si haki kumlaumu mtu ajitafutiaye riziki.

Lakini kwa popo huyu kila badiliko hilo ni mlango uliofungwa. Pori limekwisha, paa la nyasi limekwisha, na kilichosalia ni mgomba. Maisha yake sasa yamo mikononi mwa mwenye shamba.

Hasara ya kuwapoteza popo imekwisha kuonekana kwingine. Mwaka 2006 ugonjwa wa ukungu uliowashika popo puani ulionekana kwanza katika jimbo la New York, Marekani, ukaenea na kuua mamilioni yao. Mwaka 2024 mtaalamu Eyal Frank alitangaza uchunguzi wake: katika wilaya zile ambazo popo walikufa, wakulima walikuwa wameongeza dawa za kuua wadudu kwa kadiri ya asilimia 31. Kazi iliyofanywa bure usiku sasa ililipiwa fedha mchana, na sumu ikazidi mashambani. Mkulima wa Kisii mwenye nusu eka hana fedha za kununua kazi aliyokuwa akifanyiwa bure.

YAMPASAYO MWENYE SHAMBA

Jambo la kufurahisha ni kwamba popo huyu haombi chochote kinachopingana na kilimo bora. Mgomba ukiisha kutoa mkungu hautoi tena jani jipya. Kwa hiyo mgomba ukatwao wakati wa kuvuna si nyumba ya popo; nyumba yake imo katika migomba michanga ambayo haijazaa. Mabwana Shamba hushauri kila shina liachiwe migomba mitatu tu ya umri mbalimbali: mama, mtoto na mjukuu, na machipukizi mengine yang'olewe. Shauri hilo hutolewa ili mkungu uwe mkubwa, lakini ndilo pia limpalo popo majani mapya mwaka mzima.

Majani makavu na yenye madoa ya ugonjwa yafaa yakatwe, maana hayo si malazi yake ya kawaida. Jani ambalo halijafunguka lisikatwe bila haja. Na likihitajiwa, litikiswe kwanza polepole, aliye ndani apate kutoka. Dawa ya kunyunyizia, ikiwa ni lazima, isimiminwe katika mdomo wa jani changa. Na kama ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ulioingia Kenya mwaka 2006, umeonekana shambani, mwenye shamba asisite kwa ajili ya popo. Mgomba mgonjwa na ung'olewe kama ilivyoagizwa, na panga lisafishwe kwa dawa. Popo atahamia shamba la jirani, kama jirani ana migomba. Na akipanda tena mbegu safi, atarudi.

Anayetaka kumwona na aende migombani mchana wa utulivu, atafute jani lililofunguka mdomo kama upana wa sarafu mbili, asimame mbali kidogo, na kutazama ncha yake bila kuligusa. Au, jua likizama, asimame kimya mahali penye mwanga wa mwisho wa magharibi. Akibahatika ataona kivuli kidogo kikitoka katika jani kama kipepeo, kikapinda mara mbili juu ya paa la jiko, kisha kikapotea kuelekea bondeni.

Kabla ya alfajiri kivuli hicho kitarudi. Jani la jana litakuwa limefunguka, nacho kitapita juu ya shamba kikitafuta lingine lililoviringika. Kama litakuwapo au halitakuwapo, hilo si shauri la popo, bali la mwenye panga.